Udongo wa Nyuma ya Waya

Kitendawili.

Najua mmeshaitika tega, hata wewe uliyelificha gazeti chini ya meza ya kazi. Haya: abeba mji mzima, halalamiki.

Mliosema ardhi mmepata. Leo sitaki mji wenu wala siwapi wangu. Nataka tu mnisikilize, maana ninayoyaandika leo nimeyabeba peke yangu hadi mabega yameota sugu.

Kwa aliyechelewa njiani: mimi ni mjane, naishi na mwanangu fundi umeme na mkewe fundi cherehani, katika nyumba tuliyopewa kwenye mtaa mpya. Mtaa wenyewe umejengwa palipokuwa na kiwanda cha betri. Kiwanda kilibomolewa, tingatinga likasawazisha, nyumba zikaota kama uyoga. Mkwe wangu mimba mbili zimemtoka. Hii ya tatu ndiyo iliyoshika, na tumbo sasa linamtangulia mlangoni.

Mara ya mwisho niliwaacha pale jirani yangu Redio alipoingia bila hodi. Mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu hana swichi ya kuzimia. Alikaa, akavuta kikombe changu cha chai, akasema: "Mnajua hii ardhi ilipimwa kabla hamjaletwa? Serikali ilileta wataalamu wakapima udongo. Una sumu. Ripoti iko masijala, imelala."

Kisha akainywa chai yangu.

"Sumu gani?" nikamuuliza.

"Risasi."

"Ya bunduki?"

"Ya kwenye betri, dada. Madini. Inaingia kwenye damu, inahamia kwenye mifupa. Watoto ndio inaowaharibu zaidi, akili inadumaa. Wa tumboni ndiyo usiseme."

"Nani kakwambia?"

"Dereva aliyewabeba wapimaji. Ni mume wa binamu yangu, hawezi kunidanganya, ananiogopa."

Habari za Redio huwa nazipokea kama nguo za mtumba, kwanza nazifua. Lakini hii haikuningoja nitafute maji. Maana chumba cha pili cherehani ilikuwa inakimbia, tik tik tik, halafu ikanyamaza, na katika ule ukimya nikasikia: karuu. Karuu.

Mkwe wangu anatafuna udongo.

Wanawake mnajua. Hamu ya mimba haina adabu. Mwingine hutaka barafu, mwingine hunusa mafuta ya taa kama marashi. Wa kwangu alitaka udongo, na aliyekuwa akimletea ni mimi. Nauchekecha, naukanda kwa maji, naukata vipande kama biskuti, nauoka juu ya mkaa hadi unanukia kama mvua ya kwanza. Nauweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Yeye hushona akitafuna, hutafuna akishona.

"Mama," akaita kutoka huko, "kopo linafika mwisho."

Nilijikuta nimeshasimama.

"Hakuna mwingine, mwanangu."

"Utaniletea?"

"Nitaona."

Redio akanitazama. Tangu nimjue, ile ndiyo mara ya kwanza alinyamaza bila kulala.

Asubuhi nikamsindikiza mkwe wangu kliniki. Alipopanda kwenye mizani, nikamfuata mkunga kwenye sinki.

"Mkunga, mwanangu, tuseme kuna mtu amekula udongo wenye risasi. Anafanywaje?"

"Mtu gani?"

"Mtu wa mfano tu."

Akafunga bomba. "Huyo mtu wa mfano ana mimba?"

"Anayo. Ya mfano."

Hakucheka. Akanisogeza pembeni karibu na pazia.

"Mama, kipimo chake hapa hatuna. Kiko hospitali kuu, na kule hawampimi kila anayekwenda na wasiwasi wake. Wanataka karatasi inayoonyesha kwamba mtu ameguswa na ardhi iliyothibitishwa ina sumu. Nipe karatasi hiyo, siku hiyo hiyo nampeleka kwa gari la wagonjwa. Bila karatasi wataniuliza nimeota?"

"Na wakimkuta nayo?"

"Kuna dawa, na kuna namna ya kumwangalia mpaka ajifungue. Kibaya ni kuchelewa. Mwambie mtu wa mfano asikawie."

Mkwe wangu akashuka kwenye mizani anatabasamu. "Mama, nimeongezeka," akasema. Nikamwambia hongera.

Basi mmeshajua nilichokuwa nakitafuta. Karatasi moja tu.

Masijala iko ghorofani, ngazi zake zimechongoka. Ndani kuna kaunta ndefu na feni inayopekua karatasi za watu bila ruhusa. Nyuma ya kaunta alikaa karani, binti mwenye miwani ya kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kuona ripoti ya udongo wa mtaa mpya."

"Ile ya upimaji? Ipo."

Moyo ukatua kidogo. "Nasikia ililipiwa na serikali."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni ya umma."

"Ni ya umma kabisa."

"Na mimi ni umma?"

"Wewe ni umma, bibi, lakini..."

Ofisi zote za dunia zimejengwa juu ya hilo neno lakini.

Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mtoto. Kila kiwanja kina ukurasa wake. Anayeonyeshwa ukurasa ni yule aliyeandikishwa kuishi kwenye kiwanja hicho, si mwingine. Wakubwa hawataki watu waone kurasa za majirani zao wakaanza kuzua hofu.

"Mjukuu wangu," nikasema, "kisogo ni changu, nimekibeba tangu nizaliwe, lakini nikitaka kukiona lazima nimwombe mwenye kioo. Ripoti yenu hii ni kisogo."

Akacheka hadi miwani ikaanguka na kuning'inia. "Aliyeandikishwa kwenu ni nani?"

"Mwanangu."

"Basi mlete mwenye kioo."

Mwanangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, waya zimemning'inia shingoni. Njia nzima alikuwa ananikejeli.

"Mama, Redio akisema jua limepasuka utanunua gundi?"

"Twende tu."

"Siku nyingine atakwambia hata maji ya bomba yana umeme, utaniamsha nikayakate."

Alikuwa na maneno mengi mno. Ningekuwa na akili siku ile ningeelewa kwa nini.

Karani akafungua jalada, akaipitia ramani kwa kidole. Palikuwa na rangi: kijani, manjano, nyekundu. Akafunika sehemu nyingine kwa karatasi nyeupe tusizione, akatuachia kiwanja chetu tu, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

Kijani.

"Udongo wa juu uliondolewa, ukaletwa mwingine," akasoma. "Hakuna risasi ya kudhuru. Salama."

Mwanangu akatafuta kiti, akakaa. Akajifuta uso kwa kiganja kizima, mara moja, halafu tena.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "sijalala tangu uniambie."

Kumbe zile kejeli zote zilikuwa blanketi.

Tuliporudi aliimba njia nzima. Akasimama chini ya dirisha la mkewe akampigia kelele: "Fundi, tafuna unavyotaka. Mwanao atazaliwa ameshika tofali." Nikasikia mkwe wangu anacheka ndani. Na mimi nikacheka, lakini mdomo tu.

Sogeeni sasa, maana hili hata kwenye sala nimekuwa nikilizunguka.

Udongo ule haukutoka kwenye kiwanja chetu.

Kiwanja chetu ni kokoto na mabaki ya saruji. Kuku wanadonoa kila pembe, watoto wa majirani wanakojolea ukuta. Nilijiambia siwezi kumpa mwenye mimba uchafu. Nyuma ya nyumba zetu kuna kipande kirefu, chembamba, kimezungushiwa waya. Ndipo ulipopita mtaro wa kiwanda. Mbuzi haingii, mtoto haingii, hakuna hata alama ya unyayo. Udongo wake ni wa kijivu, laini kama unga uliochekechwa, hauna punje ya mchanga. Niliupenda kwa macho kabla ya mkono. Nikalala kifudifudi, nikapenyeza mkono chini ya waya na kijiko cha bustani, nikasema moyoni: hapa ndipo pasafi, hapajakanyagwa na mtu.

Nilidhani waya umewekwa kuulinda udongo dhidi yetu.

Nikarudi masijala peke yangu.

"Bibi, umesahau nini?" karani akauliza.

"Nataka ukurasa wa kile kipande chenye waya."

"Nani anaishi hapo?"

"Hakuna."

"Basi hakuna wa kuonyeshwa."

"Kama hakuna anayeishi hapo, mnaogopa nani atazua hofu?"

Akazipanga upya karatasi za kaunta. "Si mimi, bibi. Ni utaratibu."

"Najua si wewe. Ningedhani ni wewe ningekuja na mwiko."

Akatupa jicho kwenye mlango wa mkubwa wake, halafu akainama juu ya kaunta. "Niambie ukweli. Unautakia nini?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, binti alikuwa na huruma, feni ilikuwa inanipepea kama mgonjwa. Nikasema: "Udadisi tu wa uzee."

"Kwa udadisi siwezi," akasema, na nikaona amesikitika. "Lakini sikiliza. Jumamosi kuna mkutano wa wakazi katika ukumbi wa shule. Mtaalamu mwenyewe aliyepima anakuja, ripoti nzima mkononi. Mkutanoni mtu yeyote anaruhusiwa kuuliza habari za kipande chochote, lazima ajibiwe, na nakala itoke. Sharti ni moja. Aseme mbele ya wote linamhusu vipi. Mimi ndiye nitakayeandika."

"Mbele ya wote."

"Mbele ya wote, bibi."

Mtaniuliza, kwa nini sikumwambia mkwe wangu tu, tukiwa wawili, jikoni? Nilijipa sababu nzuri. Nilisema kule kliniki walikataza asishtuliwe, baada ya zile mimba mbili. Nilisema kumwambia bila karatasi ni kumpa hofu bila dawa. Zote ni za kweli na zote ni pazia. Nyuma ya pazia kuna hii: mkwe wangu mama yake alikufa yeye akiwa mdogo. Tangu aliponijia kama mke wa mwanangu, ananiita mama kwa mdomo mzima, si kwa adabu. Niliogopa kulikosa hilo neno.

Siku zile za kungoja Jumamosi nyumba ilikuwa kama kiatu chenye kijiwe. Kopo liliisha. Akaniomba udongo, nikasema mvua imeuharibu. Akaomba tena, nikasema mgongo unaniuma. Jioni moja nilikuwa nachambua maharage, akaja akakaa karibu yangu, taratibu, mkono kiunoni.

"Mama, nimekukosea?"

"Hapana, mwanangu."

"Zamani ulikuwa unaniletea kabla sijaomba."

Nikainamia maharage. Yalikuwa masafi, lakini nikayachambua tena.

"Haya nitegee kimoja," akasema. "Uniondolee mawazo."

Nikatafuta kichwani. Mimi, ambaye vitendawili hunitoka hata nikipiga chafya. Hakukuwa na kitu.

"Leo nimeshindwa. Chukua mji."

Hakuuliza hata mji gani. Alinyanyuka, akarudi kwenye cherehani yake, na sikuisikia ikikimbia.

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwanangu ndiye aliyefunga mitambo ya sauti. Spika moja ndani, nyingine ameitundika nje juu ya mlango ili waliokosa nafasi wasikie. Alikuwa amesimama mbele na waya zake, amevaa shati la sikukuu. Mkwe wangu tulimwacha nyumbani, ng'ambo tu ya uwanja wa shule, miguu imemvimba.

Mtaalamu alikuwa kijana mwembamba mwenye buti zilizoganda tope. Watoto waliokaa sakafuni walishampa jina, Buti. Akasoma viwanja vyetu, kimoja baada ya kingine. Kijani. Kijani. Kijani. Watu wakapiga makofi, na makofi ya mwanangu yakapita kwenye kipaza sauti yakawa makubwa kuliko ya wote.

"Kuna swali?" akauliza mwenyekiti wa wakazi, tayari anakunja karatasi zake.

Nikainuka, na dawati likainuka nami. Lilikuwa limenibana nyonga. Redio akalishika, akavuta; watu wakacheka, na mimi nikatamani lisitoke. Mwanangu akaniletea kipaza sauti anatabasamu. Wanaonijua wakaanza: "Tega, bibi, tega."

"Leo sitegi," nikasema. Sauti yangu ikatoka nje mlangoni na kurudi. "Nataka kujua habari za kipande chenye waya."

"Hicho hakijengwi, mama," mwenyekiti akasema. "Kinakuhusu vipi?"

Karani alikuwa meza ya pembeni. Akashika kalamu.

"Nimechimba udongo humo."

"Wa maua?"

"Wa mkwe wangu. Ana mimba. Niliuoka, nikampa, akaula. Tangu hamu ilipomshika mpaka juzi juzi."

Spika ikabaki inafoka kama nyoka. Sikumtazama mwanangu, nilisikia tu waya aliokuwa ameushika ukianguka sakafuni.

Buti akafungua jalada. Kurasa zilikuwa zinamponyoka.

"Uliuoka, bibi?"

"Niliuoka sana. Hadi ukalia kama kigae."

"Moto hauondoi risasi." Akapata ukurasa. Akausoma kimya kwanza, nikaona midomo inavyokwenda. "Pale tulichota udongo sehemu mbalimbali. Kila tulipochota, kipimo kiligota mwisho wake. Ndiyo sababu ya waya."

"Mbona hamkuweka tangazo?"

"Tuliweka. Kulikuwa na kibao."

"Kibao kilibebwa," mtu akasema kutoka nyuma. "Kuna banda la kuku limeezekwa nacho."

Siku nyingine tungecheka hadi tuanguke.

Redio akasimama. Hakuhitaji kipaza sauti. "Kibao kiliibwa, sawa. Ripoti nayo iliibwa na kuku? Tumekaa juu yake wakati wote huu, mmeifungia kabatini, tunaonyeshwa kijipande kijipande kama picha ya harusi ya mtu. Hela ni zetu, matumbo ni yetu."

Buti akamgeukia mwenyekiti, mwenyekiti akageukia dirisha.

"Mimi niliiandika isomwe," Buti akasema. "Walioifungia wanajijua."

Mwanangu alikuwa ameshanifikia. Nikafumba macho. Huyu nilimzaa, nikambeba mgongoni, na nikafumba macho.

"Mama," akasema chini chini, "tulikwenda wote masijala."

"Ndiyo."

"Ukaniona nafurahi."

"Nilikuona."

"Tukatembea njia nzima naimba."

Afadhali angenipiga.

Mwenyekiti akagonga meza. Alitaka yaishe. "Nakala itolewe, basi. Lakini kwa jina la nani? Kipande hakina mkazi, na nakala haitoki bila jina la mkazi. Labda tuliahirishe, niwaulize wa juu."

"Mama kashasema linamhusu," Redio akafoka.

"Aliyechimba si mkazi. Aliyechimba ni mvamizi, tukitaka kufuata sheria."

Karani alikuwa ameinua kalamu hewani, hajui aishushe wapi. Nikaona karatasi inarudi kwenye jalada. Nikaona jalada linafungwa.

"Andika langu."

Tuligeuka wote. Mkwe wangu alikuwa mlangoni, kanga begani, amepauka kama aliyetoka kwenye unga. Spika ya nje ilikuwa imemfikishia kila neno hadi kwenye cherehani yake. Mumewe ndiye aliyeitundika, na aliielekeza nyumbani ili naye asipitwe.

Akatembea katikati ya madawati, mkono mmoja ukishika migongo ya watu. Akasimama mbele ya mwenyekiti.

"Unatafuta mkazi. Hicho kipande kimehamia ndani yangu. Andika langu."

Mwenyekiti akatazama tumbo, akatazama pembeni. Karani hakungoja aambiwe. Akaandika, akagonga muhuri kwa haraka hadi ukakaa upande. Buti akauchomoa ukurasa wenyewe kutoka kwenye jalada, akasema nakala atabaki nayo yeye.

Mkwe wangu akaupokea, akaukunja, akautia kifuani. Akampita Redio. Akanipita mimi. Alinipita karibu sana, kanga yake ikanigusa mkono, na hakunitazama.

"Twende," akamwambia mumewe.

"Gari langu liko nje," Buti akasema. "Mpaka mlipate la kliniki mtachelewa. Twende hospitali kuu sasa hivi."

Wakatoka. Mimi nikabaki nimesimama palepale na kipaza sauti mkononi, watu wakinitazama kama mtu aliyeshika kuku wa wizi. Nilijiambia hivi ndivyo itakavyokuwa. Nitarudi kwenye nyumba, nitakusanya nguo zangu, nitakwenda kwa dada yangu kabla hawajarudi.

Akarudi hadi kizingitini.

"Mama. Unabaki na nani?"

Mama. Sijui alilisema kwa mazoea au alilichagua. Niliacha kipaza sauti juu ya dawati nikamfuata.

Ndani ya gari palinuka tope na dizeli. Mwanangu alikaa mbele, simu sikioni, anamwambia mkunga awapigie hospitali kuu watungoje mlangoni. Buti aliendesha kama anayebeba mayai, kisha akaona uso wa mwanangu, akaongeza mwendo. Sisi wawili tulikaa nyuma. Mkwe wangu aligeukia dirisha. Nilitaka kumwomba radhi lakini kila neno nililolipata lilikuwa dogo kwa kazi hiyo.

Halafu akanishika mkono.

Machozi yalinitoka. Nilidhani amenisamehe. Nilikuwa naufungua mdomo nimshukuru, akauvuta ule mkono, akaupitisha chini ya kanga, akaubandika tumboni kwake, upande wa kushoto, akaukandamiza kwa mkono wake.

"Unasikia kitu?" akaninong'oneza.

Nikatuliza kiganja. Nikazuia pumzi. Mtetemo nilioupata ulikuwa wa injini.

Nikasogeza kiganja chini. Nikasogeza katikati. Gari likaingia kwenye shimo, tumbo likatikisika lote pamoja, likatulia lote pamoja.

"Tangu asubuhi hajacheza, mama," akasema, midomo yake iko sikioni kwangu, na vidole vyake vya cherehani vimenibana hadi mfupani. "Usimwambie."

Mwanangu akakata simu. Akageuka kwenye kiti, akatutazama, mimi kwanza halafu mkewe, halafu kanga iliyofunika mkono wangu.

"Mnanong'ona nini?"